Kila asubuhi kompyuta inadai haina kibodi, na kibodi iko hapa mbele yangu

mama_saiba · Jumatatu, saa 2:40 asubuhi

Habari zenu wadau. Nina kiduka cha saiba huku Umoja, mashine nne tu, na hii ya kaunta ndiyo inayonilisha maana printa na skana zote zimeshikana nayo. Ni CPU ya mtumba, ex-UK, imezeeka lakini haikuwa na makuu. Mwezi huu imeanza tabia. Nikifika asubuhi nawasha, inalia mara moja, skrini inabaki nyeusi na maandishi meupe: "Keyboard error or no keyboard present." Chini yake inaniambia nibonyeze F1 niendelee. Nabonyeza mpaka ukucha unauma, hakuna kitu. Kibodi yenyewe ni isiyo na waya, zile zinazouzwa pamoja na mausi yake na kidude kimoja kidogo cha USB.

Kinachonichanganya ni kwamba nikizima kwa kitufe nikawasha tena, mara ya pili au ya tatu inapita yenyewe hadi Windows, na kutoka hapo nachapa mchana kutwa bila shida. Betri za kibodi nimeshabadilisha mara mbili. Na mnajua hii ni Juni, tarehe 30 inakuja na watu wote wamekumbuka ritani zao za kodi za KRA leo. Mteja wa kwanza amesimama hapa akinitazama nikipigana na F1, akaangalia saa, akavuka barabara kwa jirani. Nisaidieni tafadhali.

chai_ya_rangi · Jumatatu, saa 2:52 asubuhi

Haioni kibodi, halafu inakuambia ubonyeze kibodi. Hiyo ni kumpigia mtu simu umwarifu kwamba simu yake imezimwa.

kijana_wa_roysambu · Jumatatu, saa 3:05 asubuhi

Windows imekufa hiyo. Fomati, weka mpya, mambo yaishe. Yangu ilifanya hivyohivyo na ikapona.

fundi_wa_ghorofani · Jumatatu, saa 3:31 asubuhi

Mama, usifomati chochote. Hayo maandishi yanatokea kabla Windows haijaamka. Anayezungumza hapo ni BIOS, ile programu inayokaa kwenye mazabodi yenyewe, ile bodi kuu ndani ya CPU. Ukiwasha mashine, BIOS huanza kwa kujikagua: memori ipo? kadi ya picha ipo? diski ipo? kibodi ipo? Ikikosa kibodi, mashine nyingine hupita kimya, nyingine husimama na kulalamika. Yako ni ya kulalamika. Hata uweke Windows mpya mara kumi, malalamiko yatakungoja palepale mlangoni.

La pili, acha kutupa pesa kwa betri za kibodi. BIOS haiulizi ile kibodi uliyoishika, inauliza kidude. Kidude kikichomekwa hujitambulisha, "mimi ni kibodi", hata kama kibodi yenyewe imelala au haina betri ndani. Kwa hivyo inaposema hakuna kibodi, elewa hivi: sekunde ile ilipoangalia, haikukiona kidude.

Sasa niambie. Kidude umekichomeka wapi? Usiku unazima vipi? Na unipigie picha ya skrini yote, si mstari mmoja tu. Watu huninukulia mstari wanaouelewa na kuacha ule wenye jibu.

fundi_wa_ghorofani · Jumatatu, saa 3:34 asubuhi

@kijana_wa_roysambu ulipofomati, ulichomoa waya zote ukapeleka CPU mahali, kisha ukazirudisha?

kijana_wa_roysambu · Jumatatu, saa 3:36 asubuhi

Ee.

kijana_wa_roysambu · Jumatatu, saa 3:37 asubuhi

Sawa, nimeelewa unakokwenda. Naketi.

mwalimu_mstaafu · Jumatatu, saa 4:15 asubuhi

Nami nina ujumbe wa kibodi wakati wa kuwasha, ila wangu hutokea nikishaweka nywila. Kidirisha kinasema programu ya kibodi imeshindwa kuanza. Kibodi inachapa vizuri tu. Je, ni ugonjwa huohuo?

fundi_wa_ghorofani · Jumatatu, saa 4:22 asubuhi

Hapana mwalimu, huo ni wa ukoo mwingine. Ujumbe ukija kabla ya nembo ya Windows, tafuta kwenye BIOS, kidude na tundu. Ukija baada ya nembo, tafuta kwenye programu. Wako ni ile programu ya ziada ya mtengenezaji, ya vitufe vya sauti na mapambo mengine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye "Startup", uizime hapo, au uiondoe kabisa uweke toleo jipya. Kibodi haitakudai chochote.

mama_saiba · Jumatatu, saa 7:10 mchana

Samahani nilikuwa na foleni. Kidude kiko kwenye haba, ile ya mezani ya kugawa USB, yenye matundu manne na adapta yake. CPU iko chini ya kaunta kwenye vumbi na mimi na magoti yangu hatupendi kwenda huko kila mteja akileta flashi.

Usiku nazima ukutani, soketi yenyewe, ekstensheni yote inalala. Stima ya huku ikipotea usiku hurudi na hasira, mwaka jana iliniunguzia monita. Tangu hapo siachi kitu kikiwa na moto.

Picha sikupiga ila kesho nitapiga. Nakumbuka kuna mstari mwingine juu yake, una neno CMOS. Jambo lingine, sijui kama linahusiana: asubuhi hizihizi nikifungua eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, inaniambia muunganisho si salama, inanikatalia. Nikingoja au nikihangaika kidogo inakubali. Hiyo nadhani ni Wi-Fi ya jengo.

fundi_wa_ghorofani · Jumatatu, saa 7:18 mchana

Hiyo si Wi-Fi. Kesho, kabla hujagusa kitu, tazama tarehe pale kona ya chini kulia.

chai_ya_rangi · Jumatatu, saa 7:25 mchana

Haba moja imejaza kibaba cha matatizo. Nilikuwa nimeilinda hiyo tangu asubuhi.

mama_saiba · Jumanne, saa 2:21 asubuhi

Jamani. Mstari wa juu unasema "CMOS checksum error - Defaults loaded." Wa pili ndio ule wa kibodi. Nimezima nikawasha mara mbili, imepita, na kwenye kona imeandika tarehe 1 Januari 2013, saa sita na dakika kumi na moja usiku. Mwaka 2013 hata hili duka sikuwa nalo.

fundi_wa_ghorofani · Jumatano? Hapana, bado Jumanne, saa 2:50 asubuhi

Mama una magonjwa mawili yaliyopanda matatu moja.

La kwanza ni betri ya mazabodi. Ndani ya CPU kuna betri ya duara kama sarafu. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea na kutunza mipangilio ya BIOS wakati mashine haina moto kabisa. Ulipokuwa unazima Windows tu na kuacha soketi, umeme wa kungojea ulikuwa unaibeba na usingejua kama imechoka. Tangu uanze kuzima ukutani, usiku kucha ni betri peke yake, na yako imeshalala. Asubuhi BIOS inakuta daftari lake la mipangilio, hiyo CMOS, limefutika, inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Ndiyo maana ya "Defaults loaded". Saa nayo inaanza upya kutoka tarehe ya kiwanda. Tovuti kama eCitizen huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Ukiifungua ukiwa 2013, kivinjari kinaona cheti ambacho bado hakijazaliwa, kinakataa. Baadaye Windows ikichukua saa sahihi kutoka kwenye intaneti, mlango unafunguka.

La pili ni haba. Ukiwasha soketi, haba na CPU vinaamka pamoja, na haba inachelewa. BIOS inaangalia mara moja, haioni kidude, inaandika malalamiko. Hata kidude kikitokea sekunde mbili baadaye, BIOS imeshahesabu, ndiyo maana F1 haisikiki. Ukizima na kitufe ukawasha tena, haba tayari iko macho, kidude kinaonekana, unapita.

Nakisia fundi aliyekuwekea hiyo mashine aliiambia BIOS isijali kibodi. Miaka yote haba ilikuwa ikichelewa na hukujua, mpaka betri ilipokufa na agizo lake likafutika. Je, aliwahi kukuambia kitu kama hicho?

mama_saiba · Jumanne, saa 3:02 asubuhi

Wewe ni mganga? Aliniambia hivi: "Mama nimeinyamazisha, haitakusumbua na kibodi." Mimi nikadhani anatania.

mhandisi_wa_kahawa · Jumanne, saa 5:40 asubuhi

Niitetee haba kidogo. Je, haba yenyewe ni ya USB 3.0, matundu yana ulimi wa buluu? Kama ndiyo, kuna jambo lingine. Kibodi hizi hutumia masafa ya 2.4 GHz, na Intel walitoa waraka mwaka 2012 ulioonyesha kwamba vifaa na waya za USB 3.0 hutoa kelele inayoangukia hapohapo. Diski ya nje ikifanya kazi sentimita mbili kutoka kwenye kidude, kidude kinakuwa kama mtu anayejaribu kusikia simu ndani ya matatu yenye muziki wa kutikisa viti.

fundi_wa_ghorofani · Jumanne, saa 6:05 mchana

Kweli kabisa, ila dalili zake si hizi. Hiyo kelele utaiona herufi zikiruka, mausi ikikwamakwama, unaandika "Nairobi" inatoka "Nairbi". Haifanyi kidude kipotee mbele ya BIOS, kwa sababu kidude na kompyuta vinazungumza kwa shaba, si kwa hewa. Hewa ni kati ya kidude na kibodi.

Lakini umenikumbusha kitu. Mama, usiku wa leo tufanye jaribio bila bisibisi. Chomoa kidude kwenye haba, kichomeke nyuma ya CPU moja kwa moja, tundu jeusi ambalo si la buluu, karibu na mazabodi. Kisha zima ukutani kama kawaida. Nikiwa sahihi, kesho mstari wa kibodi utapotea, mstari wa CMOS utabaki, na F1 itafanya kazi.

mama_saiba · Jumatano, saa 2:08 asubuhi

Mstari wa kibodi HAUPO. Wa CMOS upo. Nimebonyeza F1 mara moja, ikapita. Mara moja! Januari 2013 bado tuko pamoja.

kijana_wa_roysambu · Jumatano, saa 2:15 asubuhi

Nimekubali, heshima yako fundi.

fundi_wa_ghorofani · Jumatano, saa 2:44 asubuhi

Sasa betri. Inaitwa CR2032, na hizo namba si mapambo: 20 ni kipenyo chake kwa milimita, 32 ni unene wa milimita 3.2. Volti 3. Utaipata hata kwa fundi wa saa.

Kuibadilisha: chomoa waya wa stima kwenye CPU, si kuzima soketi tu. Bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie sekunde kumi na tano hivi, umalize moto uliojificha ndani. Fungua kifuniko, gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa mazabodi. Betri utaiona, inang'aa. Pembeni kuna kijilimi cha chuma, kisukume kwa ukucha na betri itainuka yenyewe. Usiikwangue na kisu tafadhali, nimeshaona mazabodi zilizochanjwa kama nyama choma. Mpya iingie alama ya kujumlisha ikitazama juu.

Na ile ya zamani usiiache kaunta. Mtoto akiimeza ikakwama kooni inaunguza nyama ndani ya muda mfupi, hata ikiwa imechoka kiasi cha kushindwa kubeba saa.

dereva_wa_usiku · Jumatano, saa 11:30 jioni

Naomba nipenye. Yangu ni kibodi ya Bluetooth, haina kidude. Ndani ya Windows inafanya kazi, lakini siwezi kuingia BIOS kabisa, nagonga F2 kama mwendawazimu.

mhandisi_wa_kahawa · Jumatano, saa 11:48 jioni

Hiyo huwezi kuilaumu. Undugu wa kibodi yako na kompyuta unatunzwa na Windows. Kabla Windows haijaamka, BIOS nyingi za mashine za mezani hazijui Bluetooth ni nini. Tafuta kibodi ya waya ya kuazima kwa kazi hiyo tu. Kama mashine ina lile tundu la duara la zambarau la PS/2, kibodi za zamani za duara zinaingia hapo, lakini zima mashine kwanza ndipo uchomeke, si kama USB. Na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kile kifungio cha Windows, weka karibu ile funguo ya tarakimu 48 kabla hujabadilisha chochote kwenye BIOS. Inaweza kukuuliza.

mwalimu_mstaafu · Alhamisi, saa 1:15 asubuhi

Ninayo moja ya duara, tangu enzi nikifundisha. Herufi A imefutika lakini vidole vinaijua. Anayeihitaji aseme.

mama_saiba · Alhamisi, saa 2:12 asubuhi

Jana jioni nilishuka tao, nikapita Luthuli, nikanunua betri, nikaiweka mwenyewe na tochi ya simu mdomoni. Kijilimi kikaruka kama ulivyosema. Nikaingia BIOS kwa kitufe cha Delete, nikaweka tarehe ya leo, nikahifadhi kwa F10, nikazima ukutani nikalala kama mtu aliyemaliza deni.

Leo asubuhi: "CMOS checksum error." Januari 2013. Betri mpya kabisa! Nimekasirika mpaka nimecheka. Je, mazabodi ndiyo imekufa?

fundi_wa_ghorofani · Alhamisi, saa 2:30 asubuhi

Si kawaida. Labda kuna kijipini cha kufutia CMOS ambacho kimekaa vibaya, pale karibu na betri. Au betri ilikaa dukani ikaisha. Una kipimo cha volti?

kijana_wa_roysambu · Alhamisi, saa 2:33 asubuhi

Mama kabla ya kupima, soma namba iliyoandikwa mgongoni mwa hiyo betri.

mama_saiba · Alhamisi, saa 2:51 asubuhi

CR2025. Muuzaji aliniambia "ni ileile, mama, zote za kompyuta".

kijana_wa_roysambu · Alhamisi, saa 2:53 asubuhi

25 ni unene wa milimita 2.5. Volti ni 3 vilevile na upana ni uleule, kwa hivyo inaingia ukadhani mambo ni sawa, lakini inacheza ndani ya kikombe chake. Ukifunga kifuniko ukaipiga teke kidogo chini ya kaunta, inaachia. Mimi yalinipata na rimoti ya gari la mjomba.

fundi_wa_ghorofani · Alhamisi, saa 3:00 asubuhi

Kijana, leo umenipiku. Mimi nilikuwa njiani kuilaumu mazabodi.

chai_ya_rangi · Alhamisi, saa 3:04 asubuhi

Aliyesema fomati Jumatatu sasa ni daktari Alhamisi. Juni hii ina baraka.

mama_saiba · Alhamisi, saa 10:20 alasiri

Nimepata 2032 kwa mzee wa saa pale steji, shilingi mia. Alinionyesha zote mbili ubavu kwa ubavu kwenye kiganja chake na kweli, ile ya Luthuli ni nyembamba kama chapati ya hotelini. Hii mpya imekaza, imelia "tik" ilipoingia.

Sasa nimerudi BIOS. Naona sehemu imeandikwa "Halt On", nayo iko "All Errors". Nikiibonyeza inanipa "All, But Keyboard". Nadhani ndiyo ile yule fundi wangu wa kwanza aliichezea. Niiweke?

fundi_wa_ghorofani · Alhamisi, saa 10:41 alasiri

Ndiyo hiyohiyo. Kwenye mashine za namna nyingine ina jina tofauti, nyingine huandika "Wait For F1 If Error", nyingine "Keyboard Errors", na nyingine unaingia BIOS kwa F2 au F10 badala ya Delete. Kazi ni moja.

Kuiweka au kutoiweka, mimi naona iache "All Errors". Yule fundi hakukosea, ila alinyamazisha mlinzi badala ya kutafuta mwizi. Kidude sasa kiko nyuma ya CPU, hakuna sababu ya mashine kulalamika tena. Siku ikilalamika utajua kweli kuna kitu. Ila tazama kitu kimoja zaidi, kile kinachoitwa "USB Keyboard Support" au "Legacy USB", kiwe "Enabled". Bila hicho kibodi ya USB haisikiki mpaka Windows ifike.

mhandisi_wa_kahawa · Alhamisi, saa 11:02 jioni

Napinga. Kwa mashine ya biashara ambayo stima inaweza kukatika wakati wowote, ningeweka "All, But Keyboard" ili iwake yenyewe hata kidude kikianguka. Anayejaza ritani hatasubiri falsafa ya mlinzi na mwizi.

fundi_wa_ghorofani · Alhamisi, saa 11:06 jioni

Ikishawaka bila kibodi, atajaza ritani na nini? Na mausi?

mama_saiba · Alhamisi, saa 11:15 jioni

Mkimaliza kupigana mniambie. Nimeiacha "All Errors", "USB Keyboard Support" ilikuwa tayari "Enabled". Tatizo langu la mwisho: kidude kikiwa kule chini nyuma ya CPU, kibodi inarukaruka herufi, si kama kilipokuwa mezani.

mhandisi_wa_kahawa · Alhamisi, saa 11:19 jioni

Hapo sasa ndipo kelele yangu inapoingia, pamoja na kasha la chuma linaloziba njia. Nunua waya mfupi wa kurefusha USB, ule wa dume na jike, usio na kitu ndani. Chomeka nyuma ya CPU, upandishe mwisho wake mpaka juu ya kaunta, kidude kikae hapo. Waya mtupu hauchelewi kuamka kama haba.

mama_saiba · Ijumaa, saa 1:48 asubuhi

Soketi nimewasha, CPU nimewasha, nikasimama mbali nikiiangalia kama mtu anayengoja maji yachemke. Imelia mara moja. Nembo ya Windows. Tarehe ya leo, mwaka wa leo. Waya wa kurefusha nimeubana chini ya kaunta kwa selotepu, kidude kiko kando ya skana. Haba nimeiachia flashi za wateja.

Na yule mteja wa Jumatatu amerudi. Kwa jirani anasema kuna foleni, na kompyuta yake inaandika mambo ya F1.